Biashara za Kindu ndani ya WhatsApp: nini inauza, na nini inakula mega bure



Siku hizi watu wengi wananiuliza swali moja: "Kaka, na mimi nataka kuweka biashara yangu kwenye mitandao, nianzie wapi?" Wanaouliza si wenye butiki kubwa peke yao. Kuko mama anayeuza mawese, kijana mshonaji, mwenye depo ya saruji, na kuko pia wenzetu wenye diplome waliongoja kazi ya Leta mpaka wakachoka. Nimesaidia wachache wao kupanga mambo. Wengine nawafuata tu kwa macho, naona nani anauza na nani anazunguka. Nimeona nieleze hapa vile jambo hili linatembea kwetu, kwa sababu mashauri mengi yaliyojaa kwenye intaneti yameandikwa kwa ajili ya miji yenye barabara, umeme na benki kila kona.

Neno langu kubwa ni hili: hapa Kindu mtandao unauza vitu viwili, habari ya mzigo uliofika na uaminifu wa mtu aliye nao. Anayekosa kimoja kati ya hivyo, hata picha zake zipendwe na watu 500, jioni mfuko wake utakuwa mwepesi vilevile.

MJI WA MIZIGO INAYOFIKA

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji wetu umekatwa na Lualaba: Kasuku na Mikelenge upande wa kushoto, Alunguli upande wa kulia. Mtu wa Alunguli akitaka kitu cha ng'ambo, anafikiria kwanza mto, mtumbwi na saa ya kurudi. Hawezi kuvuka kila siku kwenda kuangalia tu kama kitu kiko.

Halafu angalia vile vitu vinavyotufikia. Reli inayotoka kusini, kupitia Kabalo na Kongolo, inaishia hapa, na treni haina siku ambayo mtu anaweza kuiapia. Kwenda kaskazini, mto ndiyo barabara yetu: baleniere zinateremka mpaka Ubundu, na kutoka pale, kwa sababu ya maporomoko, mzigo unapita nchi kavu mpaka Kisangani. Upande wa mashariki wengi walitegemea ndege za mizigo, lakini tangu vita vilipofunga viwanja vya Goma na Kavumu mwanzoni mwa 2025, kila mtu anatafuta njia ingine.

Maana yake ni kwamba vitu vingi havikai butikini mwaka mzima. Vinafika, vinaisha, vinangojewa tena. Katika mji wa namna hiyo tangazo lenye nguvu ni lile linalosema: "Imefika leo, iko hapa, bei ni hii." Maneno ya kusifu bidhaa hayahitajiki sana. Mtu aliyengoja saruji wiki tatu hahitaji kuelezwa kwamba saruji ni nzuri.

Wakubwa wetu watakumbuka foni, zile redio za sauti ambazo wafanyabiashara walizitumia kabla ya simu za mkononi. Mtu alienda kwenye foni, akangoja zamu yake, akauliza bei ya Bukavu ao akaagiza mzigo, na wote waliokuwa pale wakasikia siri zake. WhatsApp imechukua kazi ileile ya foni. Tofauti ni kwamba sasa foni iko mfukoni, ina picha, na haingojei zamu.

STATUSI: SOKO LA SAA 24

Chombo kinachofanya kazi zaidi hapa ni statusi ya WhatsApp. Picha ao video unayoweka inakaa saa 24, kisha inapotea yenyewe. Kwa mwenye vitu vya kuoza, samaki, nyama, sombe, mikate, hiyo ni baraka, kwa sababu tangazo linakufa pamoja na bidhaa. Hakuna mtu atakayekuja Alhamisi kudai samaki wa Jumatatu.

Lakini kuko jambo moja ambalo wengi hawalijui, na linawakosesha wateja. Statusi yako haionekani na kila mtu mwenye namba yako. Lazima wewe uwe umehifadhi namba yake, na yeye awe amehifadhi yako. Upande mmoja ukikosa, haoni kitu. Mama anaweza kuwa na namba 400 kwenye simu yake, lakini kama wateja hawakuandika namba yake kwao, statusi yake inatazamwa na ndugu zake 30 na mchungaji wake. Ndiyo maana muuzaji mwerevu, baada ya kupokea feza, anamwambia mteja: "Hifadhi namba yangu sasa hivi, andika Mama Samaki, na mimi naandika yako." Dakika moja hiyo ina faida kuliko picha kumi.

Sheria hiyo inagusa pia ile orodha ya kutumia ujumbe mmoja kwa watu wengi, ambayo inapokea mpaka watu 256. Asiyehifadhi namba yako haupati. Grupu ni tofauti: mtu akiwa ndani, anaona. Ila grupu zetu mnazijua. Tangazo la viatu linawekwa kati ya matanga, maombi na siasa, na baada ya saa moja limezikwa chini ya ujumbe 80. Grupu inafaa kujulisha watu kwamba uko. Kuuza kwenyewe kunafanyika mara nyingi kwenye mazungumzo ya watu wawili.

Kwa wenye butiki, ningeshauri WhatsApp Business, iliyotoka 2018. Haiombi kulipa. Inakuruhusu kuandika saa za kazi, mahali, kupanga bidhaa zako na bei kwenye katalogi, na kutia alama kwa kila mteja: huyu amelipa, huyu anangoja, huyu ana deni. Zile alama ni daftari la deni ndani ya simu. Mwenye depo mmoja ninayemjua haangalii kitu kingine asubuhi isipokuwa hizo alama.

FACEBOOK, TIKTOK NA WALE WALIO MBALI

Facebook inafanya kazi ingine. Pale muuzaji anapata watu wasiomjua, na hasa watoto wa Maniema walio nje. Hao ndio wateja ambao wafanyabiashara wetu wengi wanawasahau. Mtu yuko Kinshasa, mama yake yuko Mikelenge. Akituma feza taslimu, inaweza kuingia kwenye mambo mengine. Lakini akiona butiki ya Kindu imeandika bei ya mfuko wa mchele na bidoni ya mawese, analipa moja kwa moja kwa simu, na mzigo unafika mlangoni kwa mama. M-Pesa iko Congo tangu 2012, na Airtel Money na Orange Money pia zinatumika, kwa hiyo kulipa toka mbali si tatizo tena.

Kinachobaki ni ushahidi. Wengi wanatuma picha ya mama akipokea mfuko. Ni vizuri, lakini picha ile ni ya mtoto wake, si ya statusi ya butiki. Nimeona wazazi wa watu wakitundikwa mtandaoni kama matangazo, wakiwa na kikwembe cha nyumbani, bila mtu kuwauliza. Mteja akiona hivyo mara moja, harudi, na ana haki.

Kulipia tangazo la Facebook kunaomba kadi ya benki ambayo wengi hawana, kwa hiyo kuko vijana wanaolipa kwa niaba ya wengine, kisha wanarudishiwa kwa simu. Kazi hiyo ni halali. Muuzaji aombe tu kuona kwenye simu ya kijana tangazo limelipiwa kiasi gani, kwa siku ngapi, na kwa watu wa mji gani. Tangazo la keki za Kindu linaloonekana Matadi ni feza iliyotupwa mtoni.

TikTok inapendwa na vijana, hasa washonaji na wasusi, kwa sababu kazi yao inaonekana vizuri ikitembea. Lakini video inakula mega, kwa anayeweka na kwa anayetazama.

MEGA, CHAJI NA HESABU YA KWELI

Wengi wanasema matangazo ya mtandao ni ya bure. Si kweli. Tukumbuke hata kodi ya RAM iliyoanza 2020, ambayo ilikuwa inakata yuniti zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G, hadi ilipofutwa 2022. Kodi imekwenda, gharama zingine zimebaki.

Tufanye hesabu, kwa namba za mfano tu. Tuseme faida ya mama kwenye bidoni moja ya mawese ni faranga 6.000. Anatoa 1.000 kwa mega, 500 kwa kuchajisha simu, na 2.500 kwa motari anayepeleka bidoni mpaka kivukoni. Amebaki na 2.000. Kama angekaa sokoni angepata zote 6.000. Je, mtandao umemwibia? Inategemea. Gharama ya mega na chaji ni ileile akiuza bidoni moja ao tano. Na motari anaweza kubeba zaidi ya moja. Kwa hiyo siri iko katika kukusanya oda kabla ya kutuma mzigo.

Wale ninaoona wanafaulu wameweka siku. Wanaandika: "Jumanne na Ijumaa navusha mizigo ya Alunguli. Oda mwisho saa kumi ya jioni, siku moja mbele." Watu wanazoea. Motari mmoja, mtumbwi mmoja, wateja sita. Hapo ndipo mtandao unaanza kulipa.

Jambo lingine: wateja wengi wananunua vifurushi vya mitandao ya kijamii tu. Ukiwatumia kiungo cha saiti, hakifunguki. Kwa hiyo acheni kuwashauri mama zetu kulipia saiti nzuri ambayo mteja hawezi kuifungua. Picha moja safi, yenye bei, ndani ya WhatsApp, inamfikia.

"BEI NJOO INBOKSI"

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Desturi ya kuficha bei inaua biashara zetu. Mtu anaweka picha ya kikwembe, watu ishirini wanauliza "Ni ngapi?", na yeye anajibu "Njoo inboksi." Anafikiri anavuta wateja. Kumbe mteja mwenye mega kidogo hana nguvu ya kwenda inboksi, kungoja jibu, kisha kuanza kubishana. Tena anajiambia: huyu anataka kwanza kuona niko nani ndiyo anipandishie.

Sokoni bei inabishaniwa uso kwa uso, na kuko heshima yake, kuko kicheko chake, kuko nyongeza. Kwenye simu heshima hiyo haipo. Andika bei. Ukitaka kuacha nafasi ya kupunguza, andika: "Faranga 25.000, anayechukua mbili tunasikilizana."

Najua sababu moja ya haki ya kuogopa kuandika bei: faranga na dola. Mwaka 2025 dola ilianguka toka zaidi ya faranga 2.800 mpaka chini ya 2.500 kwa muda mfupi, na waliokuwa na bei za zamani kwenye picha waligombana na wateja. Dawa ni ndogo: kila bei iwe na tarehe na aina ya feza. "Bei ya leo, tarehe 14, kwa faranga." Hakuna atakayekuletea kesi.

UAMINIFU NDIYO KAPITALI

Tatizo kubwa kuliko koneksio ni picha za kuazima. Mtu anachukua picha ya kiatu toka butiki ya Dubai, anaiweka kama yake, anaomba avansi, kisha anakuletea kitu kingine kabisa. Ao haleti. Mji wetu ni mdogo, habari inavuka mto haraka kuliko mtumbwi. Lakini madhara hayabaki kwa yule mmoja tu. Kila aliyedanganywa anarudi na kusema "vitu vya mtandao ni uongo," na mama mwaminifu anakosa mteja ambaye hakumkosea kitu.

Kwa hiyo piga picha ya kitu chenyewe, mahali pako penyewe. Ukuta wa udongo si aibu. Weka karibu na bidhaa karatasi yenye jina la butiki na tarehe. Video ya sekunde kumi ya kupima mchele kwa kopo mbele ya macho inaondoa maswali mengi.

Na avansi: usiombe yote. Nusu inatosha kuonyesha kwamba mteja ana nia, na nusu ingine inaonyesha kwamba wewe una nia.

Kwa upande wa muuzaji pia kuko wezi. Anakuja mtu, anakuonyesha ujumbe kwamba ametuma feza, nawe unatoa mzigo. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya akaunti yako, angalia salio, ndipo utoe. Na namba ya siri usimpe mtu, hata yule kijana wa diplome anayekusaidia. Hata mimi.

Tukumbuke pia kwamba nchi ina Code du numérique, Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa biashara ya elektroniki na ulinzi wa habari za watu. Wengi wanadhani mtandao ni pori lisilo na mwenyewe. Zamani labda. Sasa sheria iko.

MAMA ASIYE NA SIMU YA PICHA

Biashara ya mto huu iko mikononi mwa wanawake tangu zamani. Livingstone alipofika Nyangwe 1871, alikuta soko kubwa kando ya Lualaba, na wengi wa wauzaji walikuwa wanawake. Wajukuu wao ndio wanaotulisha leo, na wengi bado wana simu ndogo ya kupiga tu. Kama biashara inahamia kwenye picha, nani atauza kwa niaba yao?

Hapa ndipo sisi wahitimu tunaingia, na hapa pia kuko hatari. Nimeona vijana wanaopiga picha ya bidhaa ya mama, wanaongeza bei yao juu bila kumwambia, na mama anabaki na faida ileile huku jina lake halitajwi popote. Mteja anamjua kijana, hamjui mama. Siku kijana akihamia Kisangani, mama anarudi kwenye sifuri.

Kazi hii inaweza kufanywa kwa haki. Kamisio isemwe mapema, mbele ya mtu wa tatu, na iandikwe. Jina la mama liwe kwenye picha. Namba za wateja ziandikwe kwenye daftari linalobaki kwake. Tukifanya hivyo, kijana anapata kazi inayolipa mega zake na sabuni yake, na mama anapata wateja ambao ni mali yake.

Daftari lina faida ingine. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti na SMS zilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu, mpaka Januari 2019. Aliyekuwa na wateja ndani ya WhatsApp peke yake alikaa kimya. Aliyekuwa na namba kwenye karatasi aliwapigia simu.

KWA ANAYETAKA KUANZA

1. Chagua kitu kimoja ambacho watu wanakingoja. Usianze na vitu kumi.
2. Kwa wiki mbili, hifadhi namba ya kila mnunuzi, naye ahifadhi yako, kabla ya kutafuta wageni.
3. Statusi mbili kwa siku zinatosha: asubuhi mzigo umefika, jioni kilichobaki.
4. Bei, tarehe, mahali, siku za kuvusha. Kila mara.
5. Jibu upesi, hata kama jibu ni "Imeisha, itarudi treni ikifika." Kukaa kimya kunafukuza mteja kuliko kumwambia hapana.
6. Jumamosi jioni, fanya hesabu ya mega, chaji na motari upande mmoja, na faida ya oda za simu upande mwingine.

Hiyo ya 6 ndiyo wengi wanairuka. Kila mmoja wetu aliyesoma hesabu anaweza kuchukua mama mmoja wa mtaa wake, kwa mwezi mmoja, na kumfanyia hesabu hiyo mpaka mwisho. Kama mtandao haumletei kitu, amwambie wazi aache na arudi kwenye meza yake ya soko. Kama unamletea, atajua ni kiasi gani, na hakuna kijana wala kampuni itakayomdanganya tena juu ya mali yake mwenyewe.